Uyoga Ulioota kwenye Udongo wa Kichuguu

Macho yangu ni meupe tena. Kwa miezi mitano kitu cha kwanza nilichofanya kila asubuhi kilikuwa kuchukua kioo cha kunyolea, kukipeleka mlangoni penye mwanga, na kuvuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole. Kulikuwa na wiki za rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Zikafuata wiki za rangi ya karatasi iliyokaa juani. Sasa ni meupe, na nimeona nikae niandike kabla sijasahau. Mvua ya Novemba itarudi. Kuna mtu hapa Machakos, au kule Yatta, atakayeinama shambani mwake asubuhi moja, aone nilichokiona mimi, na afurahi kama nilivyofurahi.

Jina langu ni Kyalo, na mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Baba alikufa nikiwa darasa la nane. Mama akamfuata nikiwa kidato cha pili. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu Muthama aliyekuwa na miaka kumi, na Ndinda aliyekuwa na mitano. Siku ya tatu baada ya mazishi ya Mama, watu wa ukoo walikaa kwenye uwanja wetu wakaanza kutugawa. Muthama aende kwa Baba Mdogo, ndugu yake Baba. Ndinda aende Katangi kwa Shangazi, akue akisaidia kwenye hoteli yake. Mimi nitafutiwe kibarua. Hawakuwa watu wabaya. Walisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Nilisimama nikiwa na sare ya shule nikasema hakuna anayekwenda popote.

"Utawalisha nini?" Baba Mdogo aliniuliza.

"Nitafyatua matofali."

Kesho yake sikurudi shule. Najivunia siku hiyo mpaka leo, na ninajivunia miaka kumi iliyofuata, ingawa mikono yangu ni migumu kama kwato na nasoma polepole. Wadogo zangu walikua chini ya paa moja. Muthama alimaliza kidato cha nne akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo Athi River. Ndinda alifika kidato cha pili, pale pale nilipoishia mimi, na alikuwa wa tatu darasani.

Sasa nije kwenye uyoga.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, aliujua uyoga kuliko mtu yeyote upande wetu. Chini ya shamba letu kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Mvua ya kwanza ikinyesha, uyoga ulichipuka kando yake, na Mwaitu alipiga magoti na kijiti mkononi. Hakuung'oa. Alichimba pembeni ya shina, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, akifuata mzizi mrefu mwembamba unaoteremka mpaka kwa mchwa. "Usiokuwa na njia ya kurudi kwa mchwa si wetu," alikuwa akisema. Alipofariki, elimu hiyo ilibaki kwangu. Wamama walikuwa wakiniletea vikapu: "Kyalo, hebu niangalilie hii makunu." Makunu ndiyo uyoga. Nilitazama, nikachagua, nikatupa. Sikuwa na cheti cha shule, lakini katika hilo nilikuwa mwalimu, na nilipenda sana kuitwa.

Mwaka juzi nilipata kazi kubwa ya matofali, na udongo wangu wa mtoni ulikuwa umeisha. Kila fundi huku anajua udongo wa kichuguu unashikana vizuri na tofali lake halipasuki tanurini. Nilikivunja kile kichuguu. Udongo uliobaki majirani watatu walichukua kidogo kidogo, na mwingine mimi na Ndinda tuliusukuma kwa wilbaro tukautandaza nyuma ya jiko, kwenye sukuma wiki, chini ya mikaratusi ya jirani.

Novemba iliyofuata, Jumamosi moja asubuhi, nilikuta uyoga umetoka palepale. Mweupe, mzuri, umesimama kama watoto wa shule gwarideni. Moyo wangu uliruka. Niliukata kwa kisu, nikajaza sufuria.

Ndinda aliuchukua mmoja akaugeuzageuza. "Kyalo, hii haina mzizi."

"Mzizi utoke wapi? Si kichuguu tulivunja?"

"Lakini Mwaitu alisema—"

"Mwaitu alikuwa anaongea juu ya kichuguu kizima. Huu udongo si ni ule ule? Uyoga umefuata udongo wake."

"Umefuata kama mbuzi?"

"Cheka tu. Ukionja utaomba sahani ya pili."

Hapo ndipo nilipokosea, na ninataka ulione kosa lenyewe, kwa sababu halikuwa kosa la mtu asiyejua. Nilijua sheria. Nilipokuta uyoga umeshindwa mtihani wa Mama, niliutafutia udhuru. Nikaongeza na ushahidi mwingine: konokono alikuwa ameula pembeni na hakufa. Basi nikaukaanga kwa kitunguu na nyanya, tukala na ugali mchana huo. Ulikuwa mtamu. Lazima niseme hivyo, maana kuna watu wanaoamini sumu ni chungu. Mimi nilimaliza sufuria. Ndinda alikula vipande viwili ili nisinune.

Usiku huo nilianza kutapika na kuharisha, na Jumapili nzima nilikuwa mtu wa kati ya kitanda na choo. Nikalaumu supu ya kichwa niliyokunywa sokoni asubuhi ya Jumamosi. Ndinda naye alitapika mara mbili, wala hakuwa ameonja supu, nikasema ni baridi ya mvua. Ukitaka kujua majivuno ni nini, ni hayo.

Jumatatu nilipona. Sikiliza hapa, wewe unayesoma ukiwa na mtu aliyekula uyoga. Nilipona kabisa. Nilikunywa uji, nikaenda kwenye tanuri, nikapanga matofali mpaka jioni. Nikachuma beseni zima la ule uyoga niupeleke Kyumbi kando ya barabara Jumatano, wasafiri wanunue. Nikikumbuka beseni hilo mpaka leo natokwa jasho. Siku ile ya nafuu ilikuwa ya uongo. Ndani yangu ini lilikuwa linaharibika kimya kimya.

Jumanne mkojo ulikuwa kama chai ya rangi na sikuweza kuinua koleo. Ndinda hakuniuliza. Alichukua simu akampigia Muthama, na Jumatano mapema Muthama alikuwa mlangoni na viatu vya kazini.

"Brathe, toka nje kidogo."

"Kuna nini? Niko sawa, nimechoka tu."

"Toka kwa jua nikuone."

Nilitoka. Alinishika kidevu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hii macho umetoa wapi?" Kisha akaliona beseni kando ya mlango, akalimwaga chooni bila kuuliza ni la nani.

Hospitalini mjini tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Nimekaa kwenye mabenchi mengi tangu siku hiyo na nimejifunza kwamba kila benchi lina mtu wake mwema. Siku hiyo alikuwa mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya mguu. Aliniangalia mara moja, akampa Ndinda nambari yake ya foleni, akachukua yetu. "Mimi mguu hautatoroka," alisema. Simjui jina.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza nimekula nini.

"Nyama," nikasema. "Supu ya kichwa."

"Hakuna kingine? Dawa ya kienyeji? Pombe? Uyoga?"

"Hakuna."

Nilisema hivyo mbele ya watu wawili wanaokula kwenye sufuria yangu. Sikuweza kutamka kwamba Kyalo, anayewachagulia watu uyoga, amekula uyoga mbaya. Ndinda alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akasema, polepole kama anayejibu swali darasani: "Alikula uyoga, daktari. Jumamosi. Na mimi nilikula."

Daktari aliacha kuandika. "Wewe ulikula ngapi?"

"Vipande viwili."

"Keti hapo karibu na yeye."

Walitutoa damu sote wawili. Daktari akauliza kama tunaweza kumletea uyoga mmoja, mzima, pamoja na udongo wake, uliofungwa kwa karatasi na si kwa plastiki. Muthama alikwenda nyumbani akarudi nao kwenye gazeti. Daktari aliuweka mezani akaupiga picha, akatuonyesha kwa kalamu. Shingoni ulikuwa na kipande chembamba kinachoning'inia kama sketi. Chini, mahali ambapo kisu changu hakikuwa kimefika, shina lilitokea ndani ya mfuko mweupe kama ganda la yai lililopasuka.

"Huu umevaa sketi na soksi," Ndinda alisema.

Mfuko huo uko chini ya udongo. Anayekata kwa kisu hauoni kamwe. Mama hakuwa akichimba kwa sababu ya mzizi peke yake. Alichimba ili aone uyoga wote, kutoka kichwani mpaka miguuni, kabla hajauamini.

Ndinda walimlaza siku mbili, majibu ya damu yake yakatoka mazuri, wakamruhusu. Mimi nilikaa wodini wiki tatu.

Sitakueleza mambo ya ini kwa sababu siyajui. Nitakueleza yaliyonipata. Ngozi iliwasha kama nimelala kwenye upupu, na kucha zangu za mfyatua matofali zilinichana mpaka nesi akanivika soksi mikononi. Fizi zilitoa damu kila nilipopiga mswaki. Harufu ya chakula, hata cha mgonjwa wa kitanda cha tatu, ilinifanya nigeukie ukutani. Mapaja yaliyobeba matofali miaka kumi yakawa membamba nikaweza kuyazungushia vidole. Siku zangu nilizihesabu kwa dripu: ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Kila siku ya pili walichukua damu, na mimi nikasoma uso wa daktari kabla hajafungua mdomo.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa, mcheshi. Taa zikipotea alikuwa akisema, "Kijana, geuka huku unimulikie na hayo macho." Wodi nzima ilicheka, nami nikacheka, ingawa mbavu ziliuma. Ninamshukuru. Kucheka ni kazi ya mtu mzima wa afya, na yeye alinirudisha kazini kabla ya wakati.

Wiki ya pili Shangazi alikuja kutoka Katangi na muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe kwenye bakuli la kufunika, ambao sikuweza hata kuutazama. Alikaa, akanishika mguu juu ya shuka, akalia kidogo. Kisha akasema alilokuja nalo.

"Kyalo, hata ukitoka hapa, hutafyatua tofali moja mwaka huu. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Januari namchukua Ndinda. Kuna shule huko kwetu. Na nyumba ifungwe tu, shamba likodishwe."

"Shangazi, hapana."

"Sikuulizi, mwanangu. Nakuambia. Huyo mtoto amelishwa sumu na mtu anayemtunza. Nitanyamaza vipi?"

Hakusema kwa ubaya, na hakuna neno lililokuwa la uongo. Alipoondoka niligeukia ukuta. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kufa. Kuanzia siku hiyo niliogopa kitu kingine: kwamba nitapona, nitarudi nyumbani, na nitakuta tumegawanywa, na sababu itakuwa mimi.

Nilitoka wodini wiki moja kabla ya Krismasi, nikiwa na kadi ya kliniki na maneno ya daktari: hakuna pombe, hakuna dawa yoyote ambayo yeye hajaiandika, hata za mizizi, na hakuna kazi ngumu. Damu kila wiki. Januari ilikuwa ya kila wiki, Februari ikawa kila wiki mbili, Machi ikawa mara moja. Hivyo ndivyo nilivyopita kiangazi kile: nyasi zilivyozidi kukauka, ndivyo tarehe kwenye kadi zilivyozidi kuachana.

Shule zilipofunguliwa, Shangazi alipiga simu kuuliza Ndinda anakuja siku gani. Muthama ndiye aliyepokea. Akamwambia tungoje mpaka mgonjwa apate nguvu, kisha tukae kikao. Hakuniuliza mimi. Na bila kuniuliza aliachana na chumba chake Athi River akaanza kurudi nyumbani kila jioni. Alikuwa akitoka kabla ya jua na kufika baada ya jua, na katikati akashona suruali za watu asiowajua. Ndinda alipika uji kabla ya shule, akaacha chupa ya chai na bakuli la ndengu karibu na kitanda changu, akatia alama kwenye karatasi kila nilipokula. Nisipokula alinitazama tu. Nilikula.

Sikuzoea. Kwa miaka kumi mimi ndiye niliyegawa chakula, nikakata kucha za kila mtu, nikasema nani ataoga kwanza. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti uwanjani na blanketi magotini kama bibi arusi, na mdogo wangu ananiuliza kama nimekunywa dawa. Wiki za kwanza nilikuwa mkali. Nilimgombeza Muthama kwa matofali yake, kwa sababu Jumapili alikuwa akijaribu kumalizia kazi ya mteja wangu.

"Hilo tofali limelewa," nilimwambia kutoka kwenye kiti.

"Si uje ulisimamishe wewe."

"Maji mengi. Udongo wako ni uji."

"Basi kunywa, ule uji wako uliacha asubuhi."

Ndinda alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Matofali yale yalitoka yamepinda, lakini hayakupasuka tanurini, na mteja aliyachukua yote. Sijawahi kujivunia tofali langu lolote kama nilivyojivunia yale mapindapinda ya mdogo wangu.

Jirani mmoja, mama mwenye moyo mzuri, alileta mchemsho wa magome, akasema utasafisha ini kwa siku tatu. Nilikuwa nawashwa wakati ule na ningekunywa hata maji ya betri. Ndinda aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akampa mtama wa kurudi nao, kisha akaumwaga nyuma ya choo. "Daktari aandike kwanza," alisema. Ana miaka kumi na mitano.

Machi daktari alisema ini linarudi. Alisema kwa sauti yake ya chini kama anayetaja saa, nami nikamwomba arudie. Alirudia, kisha akaongeza: "Dada yako alisema ukweli siku ile. Bila hivyo tungetafuta ugonjwa mwingine."

Maneno hayo yalinipa kazi. Jumapili iliyofuata kanisani, wakati wa matangazo, niliomba nafasi. Nilisimama nikiwa bado wa manjano kidogo na shati linalonipwaya, nikasema mbele ya watu waliokuwa wakiniletea vikapu kwamba nilikosea. Nilisema jinsi nilivyokosea. Nilisema kwamba udongo hauzai uyoga wa aina moja kwa sababu eti ni udongo wa kichuguu, na kwamba mahali unapoota si ushahidi, wala konokono si shahidi, wala utamu. Nilisema sitamchagulia mtu uyoga tena, na mtu akiwa na shaka hata kidogo aache. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwalimu amefeli!" Watu wakacheka. Nikasema, "Ndiyo, amefeli, ndiyo maana anawaonyesha swali lililomwangusha." Wakasikiliza mpaka mwisho.

Kisha nilikwenda kwa wale majirani watatu waliochukua udongo wangu. Nilitembea polepole na fimbo, nyumba moja kila siku kwa sababu ndizo nguvu nilizokuwa nazo. Mvua ya Aprili iliponyesha, kwa mmoja wao uyoga ulitoka, mweupe, kando ya banda la mbuzi. Alinipigia simu. Walikuwa wameuzungushia vijiti watoto wasiukanyage, wakisubiri nije wauone ukichimbwa. Nilichimba kwa kijiti, taratibu, mpaka mfuko ukaonekana. Mama wa nyumba hiyo aliziba mdomo kwa mkono. Ana watoto sita.

Ukiniuliza nimefanya nini maishani, nitataja miaka kumi ya matofali, na nitataja uyoga ule ambao haukuliwa.

Mwisho wa Aprili Shangazi na Baba Mdogo walikuja kwa kikao, Jumamosi mchana, kwa pikapu ya Baba Mdogo. Tulikaa sebuleni kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka. Shangazi alifungua kwa sala fupi.

"Kyalo, hakuna mtu hapa anakulaumu," alianza.

"Najilaumu mwenyewe, Shangazi."

"Basi tusaidiane. Ndinda aje kwangu. Muthama arudi karibu na kazi, amekonda kama ufagio. Wewe uje kwa Baba Mdogo mpaka upone kabisa. Hii nyumba si itangoja?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba miezi minne. Ilipofika saa yake ilikuwa fupi. Nikasema: "Mwaitu alinifundisha vizuri, nikaasi. Ndinda alinionya, nikamnyamazisha kwa sababu ni mtoto. Nilimlisha sumu. Sitaficha hilo kwa mtu. Lakini mkitaka kujua kama hii nyumba inasimama, msiniangalie mimi, maana mimi nilikuwa nimelala. Waangalieni hawa. Tangu Krismasi, nani kati yenu alipita hapa akakuta moto umezimika?"

Baba Mdogo alijikuna shingo, akamgeukia Ndinda. "Na wewe mama, unasemaje?"

"Ninasema niko na mtihani Jumatatu."

Baba Mdogo alicheka kabla hajajizuia. Shangazi alimkata jicho. Alikuwa anafungua mdomo kuendelea, mvua ikaangukia mabati, na kwa robo saa hakuna aliyemsikia mwenzake. Ilipopungua, Muthama alitoka na gunia kichwani, akarudi amelowa.

"Kijito kimejaa. Pikapu haivuki."

"Tutangoja kipungue," Baba Mdogo akasema.

"Hakipungui leo." Muthama alikung'uta gunia mlangoni. "Shangazi, utalala kwa kitanda cha Ndinda. Baba Mdogo, chukua changu, mimi na Kyalo tutabanana. Maji ya kuoga yako jikoni, yamepata moto."

Hakusema kama anayeomba. Alisema kama mtu anayejua vitanda ni vingapi na blanketi ziko wapi. Shangazi alisimama, akaenda moja kwa moja jikoni alikozoea kwenda tangu tukiwa wadogo, akashika mwiko. Nilimsikia Ndinda akimwambia, kwa adabu, "Kaa, Shangazi. Wewe ni mgeni."

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini. Kisha Shangazi akarudi sebuleni, akakaa, akaweka mikono mapajani. Alikaa hivyo akitazama kuta, mapazia aliyoshona Muthama kwa vitambaa vya kiwandani, kadi yangu ya kliniki iliyobandikwa karibu na ratiba ya masomo. Ndinda akaleta maji ya kunawa, akaanza na mgeni mkubwa. Tulikula chapati na ndengu. Sikuwa nimekula chapati mbili tangu Novemba. Nilikula tatu, na Shangazi aliniona.

Asubuhi kijito kilikuwa kimeshuka. Shangazi alikunywa chai, akatandika kitanda alicholalia, akafunga leso yake. Hakuna aliyerudia habari ya Katangi.

Huku kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Huomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Lakini kwa watoto mtu haombi. Anaingia na kutoka tu, na kwa miaka kumi watu wa ukoo walikuwa wakiingia na kutoka kwetu, wakifungua sufuria kuona tumepika nini. Asubuhi ile Baba Mdogo alifika mlangoni, akasita, akavua kofia. Shangazi akasimama nyuma yake.

"Wenye nyumba," Baba Mdogo akasema, "tunaomba ruhusa."

Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo wote wawili walinitazama. Niliwatazama wadogo zangu. Muthama alikuwa anafunga kamba za viatu vyake. Ndinda alikuwa amesimama na daftari mkononi, na yeye ndiye aliyejibu.

"Tumewaruhusu," alisema. "Mkifika mtuambie."